SDQ, CBCL, MINI-KID au ukae chini uongee nao? Kuchagua kipimo cha utafiti wa afya ya akili ya watoto

Kila msimu wa proposali ukifika napata meseji ile ile, "kaka nafanya utafiti wa magonjwa ya akili kwa watoto wa sekondari, nitumie dodoso gani?" Nikimrudishia swali, wewe unataka kujua nini hasa, kimya, tiki mbili za bluu basi. Sasa naandika hapa mara moja nikiulizwa tena natuma linki.

Nianze na namba maana ndiyo zitaeleza kwa nini hili jambo sio dogo. Mwaka 2012 Cortina na wenzake walikusanya tafiti za watoto kusini mwa Sahara, watoto 9,713 jumla. Ukichanganya zote, asilimia 14.3 walikuwa na shida ya akili ya kueleweka. Lakini walipozitenga kufuatana na kipimo, tafiti zilizotumia madodoso ya kuchuja (maswali mafupi ya kuona nani ana dalili nyingi) zilitoa asilimia 19.8, zilizotumia mahojiano ya kitabibu (kupitia vigezo vya ugonjwa kimoja kimoja) zikatoa 9.5. Yaani mara mbili. Sio kwamba watoto wa huku ni wagonjwa kuliko wa kule, ni kwamba hawa wameulizwa hivi na wale vile.

Halafu Kenya, ule utafiti wa kitaifa wa vijana wa miaka 10 hadi 17 ambao APHRC, kituo cha utafiti cha Nairobi, walikuwemo. Asilimia 44.3 wana "tatizo la afya ya akili" ndani ya miezi 12, na asilimia 12.2 wana "ugonjwa wa akili". Vijana wale wale, mahojiano yale yale, kilichobadilika ni kizingiti tu, yaani mstari wa kusema huyu tumhesabu. Utafiti pacha ulifanyika Indonesia (34.9 na 5.5) na Vietnam (21.7 na 3.3). Magazeti yakishika 44 yanapiga kelele, ukishika 12 wanakwambia mbona unapunguza tatizo. Zote mbili ni kweli, ila zinajibu maswali mawili tofauti, na mwanafunzi anayeandika "prevalensi ya magonjwa ya akili" (yaani asilimia ya wagonjwa) huku mkononi ana dodoso la kuchuja anajibu swali ambalo hakuuliza.

Vigezo vyangu

Nitaviangalia vipimo vyote kwa mambo haya haya: kinajibu swali gani, nani anajibu na ana umri gani, muda na hela, Kiswahili chake kikoje, nani anafaa kukishika, na ukimkuta mtoto yuko pabaya unafanya nini. Hilo la mwisho watu wanalirukaga, kamati ya maadili hairuki.

Jambo moja kabla hatujaingia. Mwaka 1987 Achenbach, McConaughy na Howell walipitia tafiti 119 kuona watu wanakubaliana kiasi gani kuhusu mtoto mmoja. Watu wa aina moja, kama baba na mama, uhusiano wa majibu yao ulikuwa 0.60 (1 ni kukubaliana kabisa, 0 hakuna uhusiano). Watu wa aina tofauti, kama mzazi na mwalimu, 0.28. Mtoto mwenyewe na watu wazima, 0.22. Miaka karibu 30 baadaye De Los Reyes na wenzake wakarudia kwa tafiti 341 wakapata 0.28 ile ile kwa ujumla. Kwa hiyo ukiamua "nitamuuliza mwalimu tu kwa sababu ni rahisi kumpata" tayari umeshachagua nusu ya majibu yako. Mwalimu anamwona anayesumbua darasani. Yule binti wa kona ya nyuma anayelia chooni hamwoni, mama yake naye anasema "ana aibu tu huyu".

SDQ

Hili ni dodoso fupi la kuchuja (Strengths and Difficulties Questionnaire), Robert Goodman alilitoa mwaka 1997 London. Vipengele 25, makundi matano ya vitano vitano: hisia, tabia, utukutu na kukosa umakini, shida na wenzake, na wema kwa wengine. Manne ya kwanza unayajumlisha unapata skoo ya 0 hadi 40, hilo la wema haliingii.

Inajibu swali la "watoto wangapi wamebeba dalili nyingi" na sio "wangapi ni wagonjwa". Mzazi na mwalimu wanajibu kwa watoto wa miaka 4 hadi 17, mtoto mwenyewe anajibu kuanzia miaka 11. Dakika tano imeisha, ndiyo maana wote tunaikimbilia. Fomu za karatasi unapakua bure ukiwa hufanyi biashara, na Kiswahili kipo tayari. Ila sikiliza hapa maana wengi wanaingia choo cha kike: hairuhusiwi kuigeuza kuwa fomu ya simu au ya kompyuta bila kuomba ruhusa kwa wenyewe. Ile unayoitengeneza usiku kwenye KoboToolbox (programu ya kukusanya data kwa simu) ukaisambaza WhatsApp, ndugu yangu, ruhusa umeombea wapi?

Na hairuhusiwi kuchezea maneno. Hili limenikuta mimi. Niliona sentensi fulani ya Kiswahili imekakamaa kama tangazo la serikali ya mtaa, nikailainisha iwe ya mtaani, watoto wakaielewa vizuri kabisa nikajiona fundi. Siku ya kutetea kazi mtahini akauliza, hii ni SDQ au ni dodoso lako? Sikuwa na jibu. Nikaandika ukurasa mzima wa mapungufu.

Kuna mitego mingine miwili. Vipengele vitano kwenye yale makundi manne vimekaa kinyume, vinasema jambo zuri, so lazima ugeuze skoo kabla ya kujumlisha, na watoto wetu mara nyingi vinawachanganya, ndiyo maana alfa (kipimo cha kuona vipengele vya kundi moja vinaendana kiasi gani) ya kundi la shida na wenzake huwa inatoka ya kusikitisha, usishangae wala usifute data. Mtego wa pili ni mipaka. Mipaka ya mwanzo ilipangwa kwa watoto wa Uingereza, tena kwa makusudi, karibu 80 kati ya 100 waangukie kawaida, 10 mpakani, 10 juu. Ukiuchukua mstari ule ukaubandika Temeke au Kisauni, asilimia yako inasema ni watoto wangapi wa Temeke wamevuka mstari wa Uingereza. Sio dhambi kuutumia ila useme hivyo, na upeleke pia wastani wa skoo sio asilimia peke yake.

Kukishika hakuhitaji daktari, msaidizi aliyefundishwa siku mbili anaweza. Kuhusu mtoto aliye pabaya, SDQ haina swali la kujiua kabisa. Wengine wanaona hiyo ni nafuu, mimi naona ni nusu ya nafuu, maana hutajua. Kama unaitumia, chukua ile ndefu yenye ukurasa wa ziada unaouliza shida hii inamwumiza mtoto kiasi gani na inamkwamisha nyumbani na shuleni au la. Kurasa mbili badala ya moja, faida yake kubwa sana.

CBCL na ndugu zake

Hili ni dodoso (Child Behavior Checklist) la Achenbach yule yule wa 0.28, Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani. Ni familia nzima: kuna ya mzazi, ya mwalimu, na ya kijana mwenyewe wa miaka 11 hadi 18. Ya mzazi ina matoleo mawili, mwaka mmoja na nusu hadi 5, na miaka 6 hadi 18. Hii ya wakubwa ina maswali zaidi ya 100.

Inajibu swali pana zaidi ya SDQ: sio tu kuna shida, bali shida imekaa upande gani, ndani (huzuni, woga, maumivu ya mwili yasiyoeleweka) au nje (ugomvi, kuvunja sheria). Kama unafuatilia watoto miaka kadhaa au unataka kulinganisha na nchi nyingine, hapa ndipo penye nguvu yake maana imetumika dunia nzima.

Sasa hela. Sio bure, unalipia fomu na ruhusa, na kwa mwanafunzi anayejilipia mwenyewe hapo ndipo mapenzi yanapoishia. Muda nao, mama anayejisomea atamaliza dakika 15 hadi 20, ila mama ambaye unamsomea wewe, tena mtoto mgongoni na chungu jikoni, jiandae dakika 40, na kufika swali la 70 anajibu tu "hapana, hapana, hapana" umwache akaendelee na shughuli zake. Nimeliona hilo kwa macho.

Kwa Kiswahili ina kitu wengi hawakijui. Kilifi pwani ya Kenya, kundi la watafiti wa afya la KEMRI na Wellcome (kina Symon Kariuki, Amina Abubakar, Charles Newton) walilipima toleo la watoto wadogo kwa lugha na mazingira ya pwani, kisha wakalitumia kwa watoto 3,273 wa mwaka 1 hadi 6, wakapata asilimia 13 wana matatizo ya tabia na hisia, ikachapishwa kwenye jarida la Lancet Psychiatry mwaka 2017. Kwa hiyo kama watoto wako hawajaanza shule usianze kutafsiri upya kama vile hakuna aliyepita njia hiyo, waandikie wenye kazi yao. Msaidizi aliyefundishwa anatosha kuuliza, ila kusoma majibu kunataka mtu anayeelewa skoo za T (alama za kumlinganisha mtoto na wenzake, wastani 50). Na tofauti na SDQ, la miaka 6 hadi 18 linagusa kujiumiza na kuongelea kujiua, kwa hiyo fomu zisikae kwenye begi wiki tatu bila kusomwa. Mtu apitie maswali hayo siku hiyo hiyo.

Mahojiano ya kitabibu: MINI-KID, K-SADS, DISC

Hapa ndipo unapoweza kuandika neno "ugonjwa" bila mtahini kukukata jicho. Unapitia vigezo kimoja kimoja: dalili zipo, zimedumu muda gani, zimeharibu nini. Ila hivi vitatu havifanani.

K-SADS-PL (Kaufman na wenzake, 1997) inategemea akili ya muulizaji, anauliza mzazi, anauliza mtoto, halafu anapima mwenyewe. Lazima awe mtu wa fani. MINI-KID ya Sheehan ni ndiyo na hapana, kwa watoto wa miaka 6 hadi 17, inaenda mbio. Mwaka 2010 walizilinganisha kwa watoto na vijana 226, MINI-KID ikachukua dakika 34 kwa wastani, K-SADS dakika 103. DISC ilitengenezwa kwa ajili ya waulizaji wa kawaida ambao sio madaktari, kila neno limeandikwa na muulizaji haongezi lake, na toleo lake la tano ndilo lililotumika kwenye ule utafiti wa Kenya.

Piga hesabu kabla hujajaza fomu ya chuo. Watoto 300 kwa MINI-KID ni masaa 170, kwa K-SADS masaa 515, na hapo hujahesabu bodaboda, mzazi aliyesahau miadi, na mvua. MINI-KID ina leseni, K-SADS-PL kwa kazi isiyo ya faida huwa unaipata. Kiswahili, usidhani kipo tu, uliza kwanza nani ametafsiri, ilirudishwa Kiingereza ikalinganishwa? Kutafsiri kipimo cha namna hii vizuri ni mradi unaojitegemea.

Umri una kitu chake hapa. Mtoto wa miaka 8 ukimuuliza hii hali imekaa wiki mbili au zaidi anakuangalia tu. Wiki mbili kwake ni nini? Nanga muda kwenye kitu anachokijua, "tangu mlipofunga shule", "kabla ya Idi". Mzazi lazima awepo kwa wadogo, na kwa vijana lazima pia asiwepo kwa sehemu.

Na mtoto aliye pabaya hapa utampata, hukwepi, kuna moduli nzima ya kujiua. Tanzania Kanuni ya Adhabu inahesabu jaribio la kujiua ni kosa (Kenya Mahakama Kuu iliamua mwaka 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakiuka katiba), kwa hiyo mzazi anaweza kuficha sio kwa ubaya bali kwa kuogopa polisi. Lazima uwe umeshaongea na kiliniki itakayompokea mtoto, jina la mtu na saa anazokuwepo, sio kuandika "atapewa rufaa".

Maongezi ya kina

Watu wanaichukulia kama ya wale waliokimbia hesabu. Mimi sikubaliani kabisa, ila pia sikubaliani na wanaoongea na watu sita halafu wanaandika "vijana wa Tanzania wanaona".

Inajibu swali la "wenyewe wanaiitaje na wanaifanyaje". Mfano ni hili neno "mawazo". Kijana akisema "nina mawazo" hamaanishi ana fikra, na "kufikiria sana" sio kutafakari, ni mzigo, kinamkosesha usingizi, kinampa kichwa. Watafiti wa nchi nyingi wamekutana na msemo wa namna hii, mapitio ya Kaiser na wenzake mwaka 2015 yalikusanya machapisho 138 kuhusu "kufikiria kupita kiasi" sehemu mbalimbali za dunia, na wakaona haulingani moja kwa moja na ugonjwa mmoja kwenye vitabu. Sasa wewe unaingia darasani na neno "sonona" (depression), neno zuri, la kitaalamu, muulize mtoto wa darasa la saba Handeni sonona ni nini. Msongo wa mawazo atakwambia, stresi atakwambia, hata "kuvurugwa" atakwambia.

Umri, kuanzia kama 9 au 10 wanaongea vizuri, chini ya hapo tumia michoro na michezo, na usiwaweke kwenye duara kama wazee wa kijiji. Hela ni kidogo ila muda ni mwingi kuliko unavyodhani, saa moja ya sauti ni masaa manne hadi sita ya kuandika, na kama wanachanganya Kiswahili na Kisukuma au Kigiriama ongeza. Muulizaji ndiye kipimo, kwa hiyo ukimtuma mwalimu wa nidhamu utapata majibu ya nidhamu. Mimi niliwahi kukaa darasani na mwalimu kasimama mlangoni "kuwasaidia watulie", watoto wote wakasema hawana tatizo lolote, wanapenda shule, wanawapenda walimu wao. Alipoenda kunywa chai mmoja akasema, "tuanze upya?"

Mtoto aliye pabaya kwenye maongezi anaweza kukufungukia jambo zito katikati ya swali la kawaida tu. Ahadi ya siri ina mpaka, useme mpaka huo mwanzoni kabisa sio akishaanza kulia. Na namba 116 ya kusaidia watoto, inafanya kazi Tanzania na Kenya, iwe kwenye karatasi anayoondoka nayo.

Kwa hiyo uko wapi?

Una miezi mitatu, hela ya mfukoni, wanafunzi wa sekondari: SDQ ya kujijibu pamoja na ukurasa wa ziada, na andika "dalili" kila mahali ulipotaka kuandika "ugonjwa". Ukiweza ongeza maongezi na vijana 10 hadi 15, kazi yako itapata nyama.

Unataka asilimia ya wagonjwa kweli lakini huwezi kuwahoji wote: fanya hatua mbili, SDQ kwa wote kisha mahojiano kwa waliovuka mpaka NA kwa baadhi ya ambao hawakuvuka. Hao wa pili wanafunzi huwa wanawaacha, matokeo yake huwezi kujua dodoso limewakosa wangapi. Tuseme una watoto 500, 50 ni wagonjwa, na dodoso linakamata wagonjwa 80 kati ya 100 na kuwaacha huru wazima 80 kati ya 100. Litakamata wagonjwa 40, na litawanyooshea kidole wazima 90. Kati ya 130 walioitwa ni 40 tu, chini ya theluthi, na wagonjwa 10 wamebaki nje wanacheza.

Watoto hawajaanza shule, mradi una hela, mnafuatilia miaka: CBCL ndogo, anzia kazi ya Kilifi.

Uko kiliniki na una daktari wa akili au saikolojia wa kushirikiana naye: MINI-KID kama foleni ni ndefu, K-SADS kama sampo ni ndogo na unataka undani, mfano watoto 40 wa kifafa.

Unapima kama mradi wa kusaidia vijana umefanya kazi: hapo hakuna haja ya vipimo vipana hivi, chukua kifupi cha dalili unayoilenga. Mradi wa Shamiri kule Kenya kwa wanafunzi 413 (matokeo ya 2021) walitumia madodoso mafupi PHQ-8 na GAD-7, huzuni na wasiwasi basi, kwa sababu ndicho walichokuwa wanajaribu kukipunguza.

Unaenda kwenye jamii ambayo hakuna aliyewahi kuuliza haya, au lugha ya nyumbani sio Kiswahili: anza na maongezi hata kama msimamizi anataka namba, dodoso lifuate baadaye.

Na yoyote utakayoshika, kabla hujachapa nakala 300 tafuta watoto kumi ambao hawamo kwenye sampo, wape fomu, kisha wasikueleze majibu yao bali wakueleze kila swali wamelielewaje. Mimi kwenye swali moja tu kati ya watoto kumi nilipata maana nne.